Kodi ya Kaboni, Ng'ombe wa Naserian na Jibu Nililolificha

Jumamosi, saa ya chai ya jioni. Upepo mkali, vumbi jeupe, hakuna hata wingu la kudanganya.

Upepo umevuma tangu asubuhi kama mtu anayetafuta ugomvi. Mama amefua sare yangu mara mbili, na mara mbili ameirudisha kwenye karai. Hapa Kitengela nguo nyeupe ikining'inia nje siku kama ya leo, hupata vumbi kabla haijapata jua. Blausi yangu sasa inafanana na ukuta wa ploti tunayopanga.

Mimi mwenyewe ndani si safi kuliko hiyo blausi.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Ni afadhali likae hapo juu mapema, lisije likajipenyeza chini kwa jina lingine. Kwa sababu nimejaribu kuliita majina mengine wiki nzima. Nimeliita uchovu. Nimeliita kichwa kuuma. Alhamisi nililiita njaa, nikala chapati mbili, na halikuondoka.

Shajara hii huwa simwandikii mtu. Naiweka mtandaoni kwa sababu nikiandika kwenye daftari ndugu yangu mdogo huisoma kwa sauti mezani, tena kwa kuigiza. Huku mtandaoni wasomaji wangu ni watatu: mimi, mtu fulani nisiyemjua ambaye huacha alama ya dole gumba na kuondoka, na Naserian. Naserian aliniambia mwaka jana tukipanga foleni ya githeri, "Mimi husoma hiyo kitu yako. Kumbe wewe huongea sana!" Nikaona haya mpaka nikasahau sahani.

Wivu wenyewe ni wa Naserian.

Tuko naye kidato cha tatu, anaketi nyuma yangu. Ni mrefu, na urefu wake hauombi msamaha kama ufupi wangu unavyoomba. Akiingia darasani watu husogea bila kuambiwa. Akicheka, hata mwalimu wa zamu hutabasamu kabla ya kukumbuka kwamba anatakiwa kukasirika. Mimi ni Nafula, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na nadhani ile mvua ndiyo ilikuwa kelele yangu yote.

Shule yetu itapeleka mzungumzaji mmoja Kajiado mjini, kwenye mdahalo wa Kiswahili wa shule za kaunti. Mmoja tu. Hoja ni kwamba serikali itoze kodi ya kaboni nchini kote, na sisi tumepewa upande wa kuunga mkono. Tumebaki wawili, Naserian na mimi. Mwalimu Jeptoo, anayetufundisha Kiswahili, atachagua Jumatatu.

Nafasi hiyo naitaka kuliko nilivyowahi kutaka viatu, simu au kwenda Mombasa. Tangu kidato cha kwanza mimi ndiye mwandishi wa hoja. Wengine husimama wakazisema, na mimi hukaa mstari wa pili nikichezesha midomo kama mtu anayeimba wimbo wa kanisa asioujua. Wakishinda wananipungia mkono. Nimechoka kupungiwa mkono.

Kodi ya kaboni, kwa yule wa dole gumba asiyejua, ni hivi. Anayechoma makaa ya mawe, dizeli au petroli alipe kwa kadiri ya hewa chafu anayoipeleka angani. Lengo si kujaza hazina peke yake. Lengo ni kufanya moshi uwe ghali, ili mwenye kiwanda na mwenye lori waanze kutafuta njia isiyo na moshi. Kwa sasa moshi ni bure kwa anayeutoa. Gharama yake hubebwa na mtu mwingine, mbali kidogo, ambaye mvua yake haikufika.

Hayo niliyaeleza Alhamisi mbele ya darasa. Nilikuwa na karatasi nne. Nilieleza nauli itakavyopanda, gesi ya kupikia itakavyopanda, na jinsi serikali inavyoweza kuchukua pesa za kodi hiyo ikawarudishia wananchi, ili mama anayechoma mandazi asiumie kuliko mwenye magari matatu. Nilieleza vizuri. Najua nilieleza vizuri kwa sababu niliyasikia mwenyewe. Sidhani kuna mwingine aliyesikia.

"Nafula, ongea na sisi, wacha kuongea na kifungo cha blausi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

Kisha akasimama Naserian, mikono mitupu.

Akasema, "Wakati ya ile kiangazi kubwa, ng'ombe ya Koko ilienda ikaegemea ua ya mtu karibu na barabara. Sisi tukafikiri inapumzika." Koko ni bibi yake. Akasimulia jinsi bibi alivyotoka na sufuria ya maji, akamwagia ulimi wa ng'ombe huyo, na maji yakateleza yakaanguka chini. Walipomgusa, alikuwa amekufa akiwa wima. Naserian akamalizia: "Huyo ng'ombe hakuwa na gari. Hakuchoma makaa ya mawe. Hajawahi panda ndege. Lakini kodi ya huo moshi, ni yeye alilipa."

Dawati moja likagongwa, kisha la pili. Halafu makofi.

Hoja hiyo nilikuwa nimeiandika kwa ukurasa mmoja na nusu. Yeye aliisema kwa ng'ombe mmoja.

Ninakiri hapa jambo ambalo haliniletei sifa. Nikiwa nimekaa pale, mikono ikipiga makofi pamoja na mingine, nilimwonea wivu hata kwa ng'ombe wake aliyekufa. Nilifikiri: yeye ana ukame, mimi nina nini? Sisi tunaishi ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga, Baba na Mama wametoka Bungoma. Bomba likikauka tunamwita mwenye punda atuletee maji ya chumvi. Nani atalia nikisimulia mitungi ya plastiki?

Mwalimu Jeptoo alitusifu sote wawili, kisha akasema, "Jumatatu kila mmoja aniletee kitu kimoja ambacho hakimo kitabuni." Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akinitazama mimi.

Nyumbani mambo yana uchungu wa aina yake. Baba hufanya kazi kiwanda cha saruji, upande wa tanuri, pale mawe ya chokaa yanapochomwa mpaka yanakuwa kitu kingine. Nimesoma kuhusu tanuri hizo kuliko ninavyomwambia. Moto wake hula makaa ya mawe, na jiwe lenyewe likichomwa hutoa hewa ile ile, hata moto ungekuwa safi namna gani. Kwa hivyo kodi ya kaboni ikija, saruji itakuwa miongoni mwa wa kwanza kuguswa. Labda kiwanda kitachanganya majivu ya volkeno zaidi na kuchoma mawe kidogo. Labda kitachoma maganda ya mchele badala ya makaa. Labda kitapunguza shifti. Vitabu husema "labda" kwa utulivu sana.

Nilipomwambia Baba hoja ya mdahalo, aliweka kijiko chini.

"Kwa hivyo binti yangu anaenda Kajiado kunifuta kazi?"

"Baba, ni mdahalo tu."

"Sawa. Bahati yangu ni kwamba wewe huongea polepole. Pengine hawatasikia." Akacheka mpaka akakohoa. Mama pia akacheka. Mimi nikacheka kwa adabu, na mzaha ukabaki kifuani kama mwiba wa samaki.

Jana Naserian akanialika kwao, upande wa Isinya. "Kuja uone ng'ombe na macho yako, wacha kuzisoma," akasema. Nikakubali haraka. Alidhani ni urafiki, na sehemu ilikuwa urafiki. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba nilitaka kuona kama kuna kitu kule ambacho yeye, kwa kukizoea, hajakiona. Kitu cha kumpelekea Mwalimu Jeptoo.

Anko wake alituchukua leo asubuhi kwa pikapu iliyobeba magunia ya chumvi ya mifugo. Kaunti hii ndimo nilimozaliwa, na sijawahi kuingia boma la mfugaji hata moja. Sisi wa Kitengela tunaweza kuishi Kajiado maisha mazima tukidhani ni barabara ya lami, maduka ya mbao na mageti.

Kwao kuna nyumba mbili za mabati, tangi la maji, paneli ya sola, na zizi. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa nyumba, shuka nyekundu mabegani, simu ikining'inia shingoni ndani ya kifuko cha shanga. Naserian aliinamisha kichwa, Koko akakigusa. Nami nikainamisha changu, kama nilivyofundishwa njiani.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu, kwa sauti yangu ya kifungo.

Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Bibi yangu mimi humwona Desemba, kama nauli imepatikana. Nikahesabu hilo pia upande wa Naserian. Yeye huguswa kichwa kila siku.

Koko ni mcheshi, tena ulimi wake haujui breki. Nilipomwambia kwamba tunasoma mambo ya kaboni, akapiga paja. "Hao watu wa kaboni walikuja hapa! Wakasema wanataka kununua hewa. Mimi nikawaambia chukueni tu, iko mingi, hata nyinyi mnaweza vuta kabla mwende."

Anko akaeleza huku akishusha chumvi. Kuna watu wanaozunguka wakitaka wenye mashamba wakubali kuchunga kwa mpangilio, nyasi zikue, mizizi ishike kaboni ardhini, na kampuni za mbali zenye moshi mwingi zilipe kwa ajili ya hizo nyasi. Yeye bado hajaweka sahihi. Anataka kwanza kujua ardhi itakuwa imefungwa kwa miaka mingapi, na nani ataamua ng'ombe wapite wapi mwaka wa kiangazi.

Mimi sikusikia tahadhari yake. Nilisikia jambo moja tu: moshi wa Baba utatozwa, nyasi za Naserian zitalipwa. Sheria ile ile, inaingia kwetu na mkono wa kuchukua, inaingia kwao na mkono wa kupeana. Nikatazama zile nyasi kana kwamba zimenikosea.

Ndipo nikatoa kalamu.

Nilikuwa nimesoma kwamba ng'ombe wakicheua hutoa gesi iitwayo methani, nayo huongeza joto duniani. Nilitaka kupiga hesabu ya boma moja halisi. Hiyo, nilifikiri, haimo kitabuni. Nikafungua karatasi safi nikauliza, kwa adabu zote za karani:

"Koko, mko na ng'ombe wangapi?"

Anko akasimama na gunia begani. Naserian akafunga macho. Hata kuku, nadhani, walingoja.

Koko akatazama kalamu yangu, kisha uso wangu, kisha kalamu tena.

"Huyu ametumwa na nani? Chifu?"

"Hapana Koko," Naserian akasema upesi. "Ametumwa na kitabu. Kwao wanahesabu mifuko ya simiti, alifikiri ng'ombe pia inahesabiwa hivyo."

Koko akacheka hadi simu ikarukaruka kifuani. Anko akatua gunia, akacheka akiwa ameliegemea. Naserian akanivuta mkono na kuninong'oneza kwamba swali hilo haliulizwi. Kutaja idadi ni kuita hasara. Ng'ombe wanajulikana mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, na asiyekuwepo anaonekana kwa pengo lake.

Kalamu ikaniunguza. Miaka kumi na sita katika kaunti ya wafugaji, na sikujua kitu ambacho mtoto wa chekechea huku anajua. Na aliyeniokoa ni yeye. Kwa mzaha mmoja, bila karatasi, aligeuza aibu yangu ikawa kicheko cha watu wote. Ningekuwa mtu mwema ningeshukuru. Nilichofikiri ni: hata kosa langu amelisema vizuri kuliko mimi.

Saa za mchana tulitembea kwenda barabarani, sisi wawili. Upepo ulikuwa usoni. Naserian alikuwa amebeba chupa ya maziwa ambayo Koko alimpa dakika ya mwisho, chupa ya soda ya lita mbili.

"Lakini kwa nini uliuliza ng'ombe ngapi?" akaniuliza.

"Nilitaka kupiga hesabu ya gesi."

"Gesi gani?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa sauti safi, bila kigugumizi, kwa sababu kulikuwa na msikilizaji mmoja na kwa sababu, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia. Niliona uso wake ukibadilika. Hakuwa anajua. Alidhani moshi ni wa viwanda na magari peke yake, na ng'ombe wa Koko hawana hatia kama watoto.

Akasimama katikati ya njia. "Kwa hivyo hiyo kodi ikikuja, ng'ombe ya Koko pia italipiwa?"

Nikainama kufunga kamba za kiatu.

"Nafula. Wale wa upande ingine wakiniuliza hivyo Kajiado, mbele ya watu yote, nitajibu nini? Mimi nimesimama hapo kulilia ng'ombe, halafu mtu aniambie ng'ombe ndiyo inaharibu mvua?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa tayari, limepangwa, na tangu Jumatano nilikuwa nimelirudia kila nikipiga mswaki.

"Sijui," nikasema.

Akaendelea kutembea. Hakusema neno tena hadi barabarani, na Naserian hanyamazi, huyu ni mtu anayeongea hata kwenye mtihani. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa kimya na mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Nilingoja nijisikie mkubwa.

Nilijisikia kama nimemnyima mtu maji.

Barabarani akanipa ile chupa. Nilidhani ni ya kwake. "Ni ya mama yako," akasema, akitazama kando. "Koko amesema ni ya ile ng'ombe nyeupe iko na doa kwa jicho. Amesema hiyo moja unaweza andika."

Akatabasamu kidogo sana. Nikapokea kwa mikono miwili.

Mama alichemsha maziwa mara tu nilipofika. Yalipanda sufuriani mazito, yakaacha ukingo wa manjano, na nyumba ikanukia moshi wa kibuyu alimoyahifadhi Koko kabla ya kuyatia chupani. Baba alikuwa anajiandaa kwenda shifti ya jioni. Alikunywa kikombe akakaa na kingine, na hilo hulifanya Krismasi tu.

"Haya maziwa yametoka wapi?"

"Kwa kina Naserian. Ng'ombe mmoja mweupe mwenye doa jichoni."

"Msalimie sana," akasema, na sikujua anamaanisha Naserian au ng'ombe.

Nikazunguka meza mara kadhaa kabla ya kuuliza. "Baba, nikikutaja kwenye mdahalo utakasirika?"

"Utasema nini?"

Nikamwambia. Nitasema baba yangu anasimamia tanuri, na kwamba kodi hii inaweza kumgusa kabla ya kumgusa mtu mwingine yeyote mle ukumbini. Na kwamba bado naiunga mkono, kwa sharti kwamba pesa zake zianze na watu kama yeye: wafundishwe mitambo mipya, wasiachwe nje ya geti wakitazama bomba la moshi likipoa. Maana kodi inayosafisha hewa kwa kumsahau mchoma mawe itachukiwa na wachoma mawe wote, na serikali inayofuata itaifuta, na ng'ombe wataendelea kuegemea nyua za watu.

Hayo yote yalinitoka bila karatasi. Nilishangaa.

Baba aliegemeza kikombe kifuani. Hakucheka.

"Huko kiwandani tunajua kuna siku mambo yatabadilika," akasema. "Hakuna mtu ameniuliza." Akasimama, akachukua kofia yake ngumu. Mlangoni akageuka. "Basi ongea kwa nguvu. Kama ni kunifuta, nifutwe na mtu anayesikika."

Ameondoka sasa hivi. Kikombe chake bado kina joto.

Kwa hivyo nina kitu kisichomo kitabuni. Kilikuwa kinakunywa chai nyumbani muda wote huu, na mimi nimekwenda kukitafuta Isinya kwenye zizi la watu.

Lakini sijaanza kuandika leo kwa sababu ya hicho. Nimeanza kwa sababu ya lile "sijui". Ningeweza kunyamaza. Jumatatu ningesimama na hadithi ya Baba, na Naserian angesimama na woga nilioutia mimi, na huenda ningechaguliwa. Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba hakuna ambaye angejua, hata Koko angeendelea kunitumia maziwa.

Naserian, najua hufika mpaka chini. Ni wewe tu hufika mpaka chini.

Nilikudanganya. Nilikuwa najua. Hili ndilo jibu.

Wakikuuliza kama ng'ombe wa Koko atatozwa, usikasirike, na usiseme ng'ombe hana gesi. Anayo, na ni kali. Waambie kwamba kaboni iliyo ndani ya gesi hiyo ilitoka kwenye nyasi, na nyasi ziliitoa hewani juzijuzi. Gesi ya ng'ombe huvunjika baada ya miaka kama kumi na kidogo, na kaboni yake hurudi kuliwa na nyasi. Kundi lisipoongezeka, gesi ya leo huchukua nafasi ya ile iliyokwisha. Makaa ya mawe ni tofauti. Hayo yalikuwa yamezikwa kabla ya ng'ombe wa kwanza kuzaliwa. Ukiyachoma, unaingiza angani mgeni asiyejua njia ya kurudi.

Kisha waambie kodi hii kwa kawaida hutozwa pale mafuta na makaa yanapoingia nchini, bandarini na kwenye maghala, kwa sababu huko kupima ni rahisi. Hakuna afisa atakayemfuata ng'ombe nyuma akiwa na mfuko. Wacheke hapo, wewe unajua kuwachekesha. Ila usikane kwamba kuna nchi zinazofikiria kutoza mifugo pia, maana watakushika. Sema sheria huandikwa na watu, na sisi tunaunga mkono iliyoandikwa kwa ajili ya mafuta na viwanda. Baada ya hapo rudi kwa yule aliyeegemea ua. Usimalizie kwa hesabu. Hesabu niachie mimi.

Nisamehe kwa ile njia yote ya kimya.

Sijapona, usije ukafikiri nimepona. Ukisimama Jumatatu na jibu hili, ukalisema kwa ile sauti yako, nitaketi pale na wivu wangu wote ukiwa mzima. Nafasi hiyo bado naitaka. Nitasimama bila karatasi na nitaongea na watu, si na kifungo, na nitajaribu kukushinda. Nataka tu nikikushinda uwe na kila kitu mkononi. Na ukinishinda, nataka iwe wewe, si lile "sijui" langu.

Je, nitaweza kupiga makofi wakitaja jina lako? Sijui. Safari hii sijui kwa kweli.

Upepo haujatulia. Blausi bado iko kwenye kamba na kesho ni kanisani, Jumatatu iko nyuma yake. Nachapisha hii kabla sijaogopa, kisha nashuka kuianua jinsi ilivyo.